Kivuli Hakisafirishwi kwa Meli

Mtu anayetaka kujua jinsi watu wa miji yetu walivyouthamini mti hana haja ya kwenda mbali. Na ayataje majina ya mitaa tu. Dar es Salaam ina Mnazi Mmoja, Mikocheni, Mkwajuni na Mwembe Yanga. Unguja nayo ina Mnazi Mmoja yake, tena ina Miembeni na Michenzani. Mombasa ina Mwembe Tayari. Ama Mbuyuni hazihesabiki, tangu pwani hata bara. Mahali pengi mti wenyewe ulikwisha kuanguka zamani, na mtoto anayetumwa dukani hajui kwamba jina la mtaa wake lilikuwa kivuli cha watu kabla ya kuwa kituo cha basi. Lakini jina limebaki kushuhudia jambo moja: mti ulitangulia, mji ukafuata. Watu walikutana penye kivuli. Biashara ikaja walipo watu. Nyumba zikaja ilipo biashara.

Leo mambo yamegeuka. Mji hutangulia na mti hufuata, tena hufuata kwa kuchelewa. Kwanza kiwanja husafishwa, yaani kila kilichosimama hukatwa. Kisha jengo hupanda, lami humwagwa, na siku chache kabla ya sherehe ya ufunguzi mtu hukumbuka kwamba michoro ilionyesha miti. Ndipo hutafutwa miti ya haraka. Mwenye fedha kidogo hupanda miche, akaifungia vijiti. Mwenye fedha nyingi hununua mti mzima uliokwisha kukomaa, akaung'oa ulikokulia na kuusimamisha mlangoni pake kana kwamba umezaliwa hapo.

Makala haya yanakusudia kuizungumza njia hiyo ya mwenye fedha nyingi na gharama yake ya kweli, na kisha kuonyesha kwamba iko njia nyingine inayomfaa zaidi mfanyakazi na mji wake.

MIBUYU YA KILIFI

Mwaka 2022 watu wa kaunti ya Kilifi, katika pwani ya Kenya, walishuhudia jambo ambalo wazee wao hawakupata kuliona. Mibuyu iliyosimama mashambani tangu kabla ya kuzaliwa babu za wenye mashamba hayo ilichimbuliwa kwa mashine, ikapunguzwa matawi, ikafungwa mizizi yake tayari kupelekwa ng'ambo. Ilikuwa mibuyu minane. Habari zilizotangazwa wakati ule zilisema kwamba safari yake ni ya kwenda Georgia, nchi iliyo ukingoni mwa Bahari Nyeusi, na kwamba wenye mashamba walikuwa wakilipwa kati ya shilingi laki moja na laki tatu za Kenya kwa mti.

Huko Georgia, mahali paitwapo Shekvetili, iko bustani iliyoanzishwa na tajiri Bidzina Ivanishvili, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo mwaka 2012 hadi 2013. Kwa miaka mingi tajiri huyo alikusanya miti mikubwa kutoka vijiji vya nchi yake. Mti ulichimbwa pamoja na donge la udongo wake, ukapandishwa juu ya magari makubwa, ukapitishwa barabarani hatua kwa hatua. Nyaya za umeme ziliteremshwa ili upite, na miti midogo ya kando ya njia ikakatwa ili mkubwa usikwaruzwe. Mwaka 2016 picha ilienea duniani ikionyesha mti mmoja umesimama wima juu ya tishari, ukielea baharini kama mnara uliopotea njia. Bustani yenyewe ilifunguliwa kwa umma mwaka 2020. Mwaka uliofuata mtengeneza filamu Salomé Jashi alionyesha ulimwengu jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, na nyuso za wanavijiji waliosimama kutazama mti wao ukiondoka.

Mambo ya Kilifi yalipojulikana, kelele zilipigwa. Mwezi Novemba 2022 Rais William Ruto aliagiza uchunguzi ufanywe ili ijulikane kama sheria na mikataba ya kimataifa juu ya mali ya viumbe hai imefuatwa. Alisema kwamba lazima kiwepo kibali cha kutosha na utaratibu wa haki wa kugawana faida, na usafirishaji ukasimamishwa wakati huo.

Ndugu msomaji, tusikimbilie kumlaumu mwenye shamba. Mtu ana ekari chache, ana watoto wa kusomesha, na anataka kulima mahindi. Mbuyu umekaa katikati ya shamba, na kivuli chake hakioti mahindi. Akija mtu na laki moja mkononi, tena akasema, “Nitaung'oa mwenyewe,” maskini huyo hana sababu ya kukataa. Lakini yatupasa tuulize swali lililofichwa na bei hiyo: je, kilichouzwa kilikuwa mali ya mtu mmoja?

Mbuyu una matunda, nayo ndiyo ubuyu anaouza mama mlangoni mwa shule. Una majani yanayoliwa kama mboga, na magome yanayosokotwa kamba. Popo huja usiku kunywa utamu wa maua yake na kuyachavusha. Chini yake hupumzika anayetoka kisimani na anayekwenda sokoni, wala hakuna aliyewahi kumwomba mwenye shamba ruhusa ya kuketi. Vipimo vya kisayansi vimeonyesha kwamba baadhi ya mibuyu barani Afrika imepita umri wa miaka 1,000. Mti wa namna hiyo una wenyewe wengi, na walio wengi katika hao hawajazaliwa bado. Aliyelipwa ni mmoja tu.

MTI HAUONDOKI MZIMA

Watu wengi hudhani kwamba mti ukichimbwa kwa uangalifu huondoka mzima. Si kweli. Sehemu kubwa ya mizizi haiko chini sana kama tudhanivyo. Imetandaa katika udongo wa juu, aghalabu si zaidi ya sentimita 60 kwenda chini, nayo huenea mbali kupita ncha za matawi. Mizizi myembamba kama nywele, ambayo ndiyo inayonywa maji, iko huko nje, mbali na shina. Mti unapochimbwa, mingi katika hiyo hubaki ardhini. Kinachopakiwa garini ni shina, matawi na sehemu ndogo ya kinywa chake.

Mafundi wa kazi hii wana kipimo chao. Donge la udongo linalochukuliwa na mti lisipungue upana wa mara kumi ya unene wa shina. Shina lenye unene wa sentimita 20 hutaka donge la mita 2. Basi fikiri shina la mita 1: donge lake ni la mita 10, upana wa nyumba. Hapo ndipo zinapohitajika kreni, matishari na barabara mpya. Na mti ukiisha kufika, kazi ndiyo kwanza imeanza. Utanyweshwa maji, utashikiliwa kwa kamba, utapunguzwa majani. Kadiri ulivyokuwa mnene ndivyo utakavyokaa miaka mingi bila kukua, ukitengeneza upya mizizi uliyonyang'anywa. Mche uliopandwa siku ileile karibu yake mara nyingi huuzidi mwendo.

Jambo hili si geni. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, mtu asiyezoea kungoja, alitaka bustani zake ziwe na misitu papo hapo. Saint-Simon, aliyeishi katika jumba la mfalme huyo na kuandika habari zake, alieleza kwamba katika bustani ya Marly miti mikubwa iliburutwa kutoka msitu wa Compiègne na mbali zaidi. Zaidi ya robo tatu yake ikafa, na mara ikaletwa mingine badala yake. Mfalme aliona bustani iliyojaa. Hakuiona misitu iliyobaki na mashimo, wala farasi na watu walioivuta ile miti. Ndiyo tabia ya mti wa haraka: uzuri wake huonekana unakofika, na hasara yake hubaki ulikotoka.

Hatusemi kwamba kuhamisha mti ni haramu. Ikiwa reli au hospitali haina budi kupita mahali fulani, na mti hauna budi kuondoka, ni heri uhamishwe kuliko kupigwa shoka. Lakini hata hapo kuna adabu yake. Watunza bustani wa Japani wana kazi waiitayo nemawashi, maana yake kuizunguka mizizi. Miezi mingi kabla ya kuuhamisha mti, hata mwaka na zaidi, fundi huchimba mtaro kuuzunguka, hukata mizizi kidogo kidogo, kisha hufukia na kungoja. Mti huota mizizi myembamba mipya karibu na shina, na siku ya safari huondoka ukiwa na cha kunywea. Neno hilohilo Wajapani hulitumia kwa jambo jingine pia: kuwaendea watu mmoja mmoja na kuzungumza nao kabla ya mkutano, ili shauri litakapoletwa mbele ya wote lisije kama radi. Tunaona mafunzo mawili katika neno moja. Usiung'oe mti kabla ya kuiandaa mizizi yake, wala usiung'oe kabla ya kuzungumza na watu wanaokaa chini yake.

BARABARA YAWEZA KUPINDA

Wengine watasema kwamba maendeleo hayangoji mti. Na watazame Nairobi. Mwaka 2020, ilipokuwa ikijengwa barabara kuu ya juu kupita Westlands, mgumo mkubwa ulisimama katika njia yake kando ya Waiyaki Way. Ulikadiriwa kuwa na umri wa miaka mia moja hivi na urefu wa nyumba ya ghorofa nne. Shauri la kwanza lilikuwa kuung'oa na kuupeleka kwingine. Wananchi wakapinga, na mwezi Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri kwamba mti ubaki ulipo. Barabara ilijengwa, ikafunguliwa mwaka 2022, na magari yanapita. Kumbe mchoro wa mhandisi ni karatasi, na karatasi hufutika. Mgumo wa miaka mia moja ukianguka, hakuna atakayeufuta na kuuchora tena.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Msanifu wa bustani au wa mji asianze na karatasi tupu, maana ardhi si tupu. Kabla hajapiga mstari wa kwanza, na atembee kiwanja chote akiihesabu miti iliyosimama, aipime mashina, aitie katika ramani. Kisha jengo, njia na bomba la maji zitafutiwe mahali pake kwa kuiheshimu hiyo. Kanuni inayotumika Uingereza kwa viwanja vya ujenzi ni nyepesi hata fundi mwashi anaweza kuishika kichwani: pima unene wa shina kwenye usawa wa kifua, zidisha mara 12, na hapo ndipo uzio uwekwe kuuzunguka mti. Mwembe wenye shina la sentimita 50 hutaka mita 6 kila upande ambamo gari haliingii, saruji haikorogwi na kifusi hakimwagwi. Miti mingi ya viwanja vya ujenzi haifi kwa shoka. Hufa kwa kukanyagwa mizizi, nayo hufa pole pole miaka mitatu minne baadaye, mkandarasi akiwa amekwisha kulipwa na kuondoka.

KAZI YA MKONO NA MIAKA

Sasa tuje kwenye ile njia nyingine. Mti mkubwa haununuliwi bila hasara. Lakini mti mdogo waweza kulelewa na kupewa umbo mpaka ukafaa mahali pake kama shati lililoshonwa kwa kipimo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watunza bustani wanajua kwamba methali hii ni ya miti kuliko ya samaki.

Iko namna nyingi ya kuupa mti umbo. Namna ya kwanza wanaijua wengi: kukata michongoma au fikasi iwe ukuta, mpira au sanduku. Namna ya pili ni kuyalaza matawi machanga juu ya fremu za mbao, mti na jirani yake, mpaka yakashikana na kuwa ukuta wa majani uliosimama juu ya miguu. Watu hupita chini, na jua na vumbi huzuiwa juu. Bustani nyingi za Ulaya zimepambwa hivyo. Namna ya tatu ni kukata kichwa cha mti ungali mchanga, kwenye kimo kilichochaguliwa, na kisha kila mwaka au kila miaka michache kuyakata machipukizi palepale yanapoota, mpaka mahali hapo pakafanya vifundo kama ngumi. Mti wa namna hii hukaa katika mtaa mwembamba bila kuvunja paa wala kugusa nyaya, nao huishi sana.

Mji wa London unajulikana kwa miti iitwayo pleni, iliyostahimili moshi wa makaa ya viwanda kwa miaka mingi. Katika mitaa mingi hupogolewa hivyo kwa zamu. Lakini katika kiwanja cha Berkeley Square iliyopandwa mwaka 1789 imeachwa ikapanuka, na sasa imekuwa dari la kiwanja kizima. Mwaka 2008 mti mmoja hapo ulikadiriwa thamani ya pauni 750,000. Haukupimwa kama kuni wala mbao, wala haukuwa ukiuzwa. Ulipimwa kwa ukubwa wake, afya yake na idadi ya watu wanaoufaidi, ili mtu atakayetaka kuukata ajue anamnyang'anya nani kiasi gani. Twaona basi kwamba bei zaweza kuwa za namna mbili. Ya Kilifi ilikuwa bei ya kuuondoa mti. Ya London ilikuwa bei ya kuubakiza.

Sisi hatuna haja ya pleni. Tunao mkungu unaotandaza matawi yake ngazi ngazi bila kufundishwa. Tunao mti wa mwavuli uliotoka Madagaska, ambao watunza bustani wetu wamekwisha kuufanya meza na kofia katika viwanja vingi. Tunao mwarobaini na mjohoro, miti ivumiliayo ukame na ichipuayo upesi ikikatwa. Tunao mwembe, ambao hauhitaji kusifiwa. Mkrismasi nao unapendeza kwa maua yake mekundu, ila usiwekwe karibu na sakafu, maana mizizi yake ya juu huipasua.

Kinachokosekana mara nyingi ni fundi kupewa heshima yake. Tumezoea kudhani kwamba kupogoa ni kazi ya yeyote mwenye panga. Matokeo yake twayaona kandokando ya barabara: miti iliyokuwa mizima imekatwa vichwa ovyo ukubwani, imebaki visiki virefu, maji yanaingia katika vidonda na shina linaoza ndani. Machipukizi yanayoota hapo hayana nguvu, na siku ya upepo huangukia watu. Kisha husemwa kwamba mti ni wa hatari, ukatwe. Lakini aliyeutia hatari ni nani? Fundi anayejua kazi hukata tawi penye kola yake, hukata kidogo na mara kwa mara, na hujua atakuwa wapi mwaka ujao kwa sababu kazi yake haina mwisho. Mtu huyo ni mjenzi wa mji kama mwashi na seremala. Tofauti ni kwamba jengo la mwashi huanza kuchakaa siku linapokabidhiwa, na la mtunza bustani huanza kukua.

NANI AKAAYE KIVULINI?

Yawezekana mtu akasema kwamba bustani na mapambo ni mambo ya matajiri, na kwamba mfanyakazi ana haja zilizo kubwa zaidi. Na atembee mjini saa saba mchana. Mwenye gari yuko ndani ya gari lake lenye ubaridi. Mwenye ofisi amefunga madirisha. Aliye chini ya mti ni fundi viatu na sanduku lake la misumari. Ni mama lishe na masufuria yake, kinyozi na kioo alichokining'iniza shinani, dereva wa bodaboda anayengoja abiria, mwanafunzi anayerudi shule kwa miguu, na mgonjwa aliyetoka hospitali akashindwa kufika kituoni kwa mwendo mmoja. Kwao mti ni karakana na ni baraza. Ukikatwa, tajiri amepoteza pambo. Wao wamepoteza mahali pa kazi. Na kwa kuwa joto la miji yetu linaongezeka, kadiri lami na mabati yanavyotanda, hasara hiyo itazidi kuwauma hao hao.

Kwa hiyo shauri letu kwa madiwani, wahandisi na viongozi wa mitaa ni hili. Kwanza, mti uliokomaa uhesabiwe kuwa mali ya mji, uandikwe katika daftari kama yanavyoandikwa majengo, wala usikatwe kabla ya watu wa mtaa kusikilizwa. Pili, kila mkataba wa ujenzi utaje miti itakayobaki na adhabu ya kuiharibu. Tatu, fedha zinazotengwa kununua miti mikubwa ya sherehe zigawanywe upya: sehemu ndogo inunue miche bora, na sehemu kubwa ilipe mishahara ya watakaoilea miaka 20. Nne, vijana wafundishwe kupogoa kama wanavyofundishwa useremala.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wazee. Lakini methali hiyo inadai kivuli kiwepo jioni, mchumaji atakaporudi. Mwenye fedha aweza kuuvusha mbuyu bahari, akausimamisha mbele ya jumba lake na kuuita wake. Shina litafika na jina litafika. Kivuli kilichowafunika watu wa Kilifi hakitafika, kwa maana kilikuwa cha mahali pale na cha watu wale, na siku mti ulipolazwa kwenye gari kilitoweka. Mbuyu ulianza kama mchicha. Kazi yetu ni kuitunza mibuyu tuliyorithi, na kuwapandia wajukuu mchicha wao leo hii, kabla mvua hazijakatika.